Tingatinga: Mtu Aliyemezwa na Jina Lake

Majuzi, nilipokuwa nikifundisha somo la maana za maneno, niliandika ubaoni neno moja tu, tingatinga, nikawaomba wanafunzi wanieleze maana yake. Kijana mmoja aliyekulia mashambani alijibu bila kusita kwamba ni trekta. Mwingine akakumbusha, darasa zima likacheka, kuwa Tinga lilikuwa jina la utani la marehemu Raila Odinga, na kwamba lilitokana na trekta iyo hiyo, alama ya chama cha NDP katika uchaguzi wa 1997. Wa tatu, msichana, akasema ni katuni za wanyama alizokuwa akizitazama katika runinga utotoni. Wa nne akataja picha za rangi kali za twiga na ndege ambazo huuzwa katika maduka ya watalii. Majibu yote manne yalikuwa sahihi. Hata hivyo, hakuna aliyesema kwamba Tingatinga alikuwa mtu.

Sikuwalaumu. Kitabu kimoja cha shule nilichokipekua baadaye kilitaja tingatinga kuwa mtindo wa uchoraji wa Tanzania, kikaendelea na mambo mengine pasi na kumtaja mwenyewe. Sisi wanaisimu tuna maelezo ya jambo hili. Nomino ya pekee ikitumiwa sana kukitajia kitu, hupoteza herufi yake kubwa, ikajiunga na ngeli fulani na kuanza kuishi maisha ya nomino ya kawaida. Dizeli inayomiminwa katika trekta hizo ilikuwa kwanza jina la Mjerumani, Rudolf Diesel. Nani humkumbuka akiwa katika kituo cha mafuta? Lakini Diesel ana wasifu wake katika kila kamusi ya elimu. Tingatinga hana bahati hiyo kwetu, ilhali aliishi na kufa karibu nasi, na wajukuu zake wa usanii wangali wanachora. Kwa hiyo leo naomba idhini ya msomaji niiweke isimu kando kidogo nimzungumzie mtu.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji cha Mindu, kinachoitwa Namochelia siku hizi, wilayani Tunduru, kusini mwa nchi iliyoitwa Tanganyika wakati huo, upande wa mpaka wa Msumbiji. Wazazi wake walikuwa wakulima wa jembe la mkono. Majina yake yenyewe, Edward na Saidi, moja la Kikristo na moja la Kiislamu, yanadokeza nyumba ambamo dini mbili zilikaa pamoja bila kugombana, kama zinavyokaa katika jamaa nyingi za kusini. Jina Tingatinga alilirithi kwa babake.

Kusini ile haikuwa na kazi ya mshahara. Vijana wake, mmoja baada ya mwingine, walifunga vitambaa vyao na kwenda kaskazini kukata mkonge katika mashamba ya Tanga, wakaitwa manamba, yaani watu waliojulikana kwa nambari zao za kazi badala ya majina yao. Miaka ya 1950 ilipokaribia kwisha, Edward naye alikuwa miongoni mwao. Hapa naomba tutue kidogo. Mtu ambaye jina lake lingekuja kubandikwa kwenye maelfu kwa maelfu ya picha duniani alianza utu uzima wake mahali ambapo jina la mtu halikuwa na kazi.

Kutoka Tanga alikwenda Dar es Salaam kwa jamaa yake aliyekuwa na kazi mjini. Huko alifanya kila kazi ambayo mtu asiye na cheti huifanya. Alitunza bustani za Wazungu, alitumika majumbani, alibeba mzigo wa ujenzi, aliuza mboga. Jioni alishiriki ngoma za watu wa kwao, maana wahamiaji wa kusini walikuwa wengi katika mji ule na walijuana. Uhuru ulipatikana mwaka 1961, Azimio la Arusha likatangazwa mwaka 1967, na yeye alikuwa bado kibarua. Alikuwa na miaka thelathini na mitano hivi, umri ambao wengi wetu huwa tumekwisha kukata tamaa ya kuanza jambo jipya.

Dar es Salaam ya wakati huo haikuwa jangwa la sanaa. Wachongaji wa Kimakonde waliovuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji walikuwa wakichonga mpingo na kuwauzia wageni. Wachoraji kutoka Kongo walikuwa wakitembeza picha zao mitaani. Juu kabisa walikuwako wasanii wasomi, mfano wake mkuu akiwa Sam Ntiro, mzaliwa wa Kilimanjaro, aliyesoma Makerere na baadaye katika chuo cha Slade mjini London, kisha akawa balozi wa kwanza wa Tanganyika nchini Uingereza. Namtaja Ntiro kwa heshima wala si kwa kejeli; kazi zake zina utulivu wa mtu aliyeipenda nchi ya kwao. Lakini kati ya mpingo wa Wamakonde, picha za Wakongo na sanaa ya chuoni palikuwa na pengo. Hapakuwa na uchoraji wa mwananchi wa kawaida wa mji ule, uliochorwa kwa vifaa alivyoweza kuvinunua na kuuzwa mahali alipoweza kufika kwa miguu.

Mnamo 1968 Edward Tingatinga alianza kuliziba pengo hilo. Vifaa vyake vilitoka duka la vifaa vya ujenzi. Badala ya turubai alitumia ubao mgumu wa dari, wenye upande laini na upande wa nyuma uliokwaruza. Badala ya rangi za wasanii alitumia rangi ya mafuta inayong'aa, ile ambayo mafundi hupakia baiskeli. Mwalimu wa hesabu atapenda jambo hili: ubao wa futi nne kwa nane ukikatwa vipande vya futi mbili kwa mbili hutoa vipande vinane, wala hakuna hata kijipande kinachotupwa. Ndiyo sababu picha zake nyingi ni za mraba. Kipimo cha sanaa yake kilitokana na hesabu ya mtu asiyetaka kupoteza senti.

Kwanza alipaka usuli kwa rangi moja au mbili, akauacha ukauke. Kisha juu yake akamweka mnyama mmoja: chui, nyati, ndovu, kanga, au ndege wa mkia mrefu. Mnyama huyo hujaza ubao karibu wote, naye humkabili mtazamaji kwa jicho la duara kana kwamba ndiye anayetazama. Hakuna kivuli wala umbali. Madoa ya chui ni madoa kwelikweli, yamepangwa moja moja kama shanga. Rangi ni chache, hazichanganywi sana, na rangi ya baiskeli haina unyenyekevu, hung'aa. Nimewahi kusimama mbele ya kazi kama hizo nikafikiri juu ya vitendawili vyetu. Navyo hutwaa kiumbe kimoja, hukiondolea mazingira yake yote, na kukisimamisha peke yake mbele yetu hadi tukione upya.

Alikotoa mtindo huo ni jambo ambalo wataalamu wamelizozania miaka mingi. Wako wanaosema aliwatazama Wakongo, akaona kwamba picha zaweza kuuzwa, naye akajaribu. Wako wanaosisitiza mapambo ya kuta za nyumba za udongo katika nchi ya kusini, ambayo aliyaona utotoni. Kwa maoni yangu ugomvi huu una kasoro moja. Wanaougombea husahau kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na macho mawili. Kijana wa Tunduru hakuyaacha macho yake ya utotoni kituo cha basi alipoingia mjini, wala hakuyafumba alipopita Mkongo na picha zake. Isitoshe, hatuulizi swali hilo tunapomzungumzia mshairi. Mshairi wa Mombasa akitumia bahari za wahenga na mafumbo ya sokoni, twasema amekomaa.

Soko lake la kwanza lilikuwa chini ya mti. Katika mtaa wa Oysterbay, uliokuwa makao ya Wazungu wakati wa ukoloni na ya mabalozi na wataalamu wa kigeni baada ya uhuru, palikuwa na duka la vyakula lililoitwa Morogoro Stores. Hapo mkewe, Agatha, aliuza picha. Wageni walikuja kununua mikate na nyama, wakarudi nyumbani na chui wa mraba. Naona wasifu mwingi humpita mama huyu upesi mno. Mchoraji hawezi kuchora akiwa sokoni, na asiyeuza hawezi kununua rangi ya kesho.

Picha zilipoanza kutakiwa, serikali nayo iliziona. Mapema katika miaka ya 1970 shirika la umma lililoshughulikia mauzo ya kazi za sanaa lilianza kuzinunua, hivyo Edward akawa na mnunuzi wa kutegemewa mbali na wapita njia. Hata hivyo hakuitegemea brashi peke yake, kwa kuwa alipata pia kazi ya msaidizi katika hospitali ya Muhimbili. Tunapenda kumfikiria msanii kuwa mtu aliyeacha yote kwa ajili ya sanaa. Huyu hakuacha chochote. Alikuwa na mke na watoto, aliamka kwenda kazini, na alichora kwa saa zilizosalia.

Hakuchora peke yake kwa muda mrefu, na hapa ndipo ilipozaliwa jamii ya wachoraji ambayo Dar es Salaam inajulikana nayo hadi leo. Aliwaita jamaa na watu wa kwao, akawafundisha. Wanafunzi wa mwanzo wanaotajwa ni watano: Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Kaspar Tedo na Simon Mpata. Hapakuwa na silabasi wala ada ya muhula. Mwanafunzi alikata ubao, alipaka usuli, alitazama, alijaza madoa ambayo mwalimu aliyaacha, na siku moja akaachiwa mnyama mzima. Ndivyo alivyofundishwa mshona kofia wa Lamu na mhunzi wa bara. Sisi tuliofuzu vyuo vikuu tunaiita elimu isiyo rasmi, na neno hilo limenitatiza daima, kwa sababu elimu hiyo ina mpangilio kuliko baadhi ya mihadhara niliyowahi kuihudhuria, na naogopa hata baadhi ya niliyoitoa.

Mwaka 1972 askari wa polisi waliokuwa wakimsaka mhalifu walimdhania kuwa ndiye, wakampiga risasi. Alikuwa na umri wa miaka arubaini. Alikuwa amechora kwa muda wa miaka minne tu.

Sina maelezo ya kuliremba tukio hilo. Nimelitaja kwa sentensi chache kwa sababu halikuchukua muda zaidi ya huo. Mtu aliyehesabiwa kwa nambari katika mkonge aliuawa kwa kudhaniwa kuwa mtu mwingine.

Kwa kawaida mtindo wa mtu mmoja, wenye umri wa miaka minne, hufa na mwenyewe. Huu haukufa, na sababu ni wale wanafunzi. Walibaki palepale penye mti karibu na Morogoro Stores, wakaendelea kuchora na kufundisha wengine, aghalabu jamaa zao waliokuja kutoka kusini. Wakaamua kulishika jina la marehemu. Mwaka 1990 chama chao kikawa chama cha ushirika kamili chenye jina la Tingatinga. Naona uamuzi huo ulikuwa wa uungwana. Wangeweza kuziita picha zile kwa majina yao wenyewe, au kwa jina la mtaa. Walichagua kulitunza jina la mtu ambaye hakuwa tena na uwezo wa kujitetea. Jina likawa nomino ya kawaida kwa mapenzi, kabla ya kuwa hivyo kwa usahaulifu.

Kadiri miaka ilivyopita ndivyo picha zilivyobadilika. Turubai ya kitambaa ilichukua nafasi ya ubao, maana mtalii anaweza kuikunja na kuitia mkobani. Mnyama mmoja akawa wanyama ishirini. Wakaingia watu, masoko, hospitali, mashetani, mlima Kilimanjaro na Wamaasai walioupa mgongo. Hata kazi za George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, msanii wa Nyumba ya Sanaa aliyekuwa na njia yake mwenyewe kabisa, huuzwa mara kwa mara na wasiojua chini ya jina la tingatinga. Neno likipanuka maana yake hufanya hivyo. Humeza na majirani.

Wahakiki wengi wameidharau sanaa hii. Husema ni bidhaa ya watalii, na kwamba picha moja hurudiwa mara mia. Shutuma ya kwanza ina ukweli, ila sioni kwa nini iwe aibu. Waliojenga makanisa makuu ya Ulaya nao walilipwa na waliotaka kuyaona. Shutuma ya pili inahitaji jibu refu kidogo, na nawaomba walimu wa fasihi simulizi wanisikilize. Tunawafundisha wanafunzi kwamba ngano ni mali ya jamii. Kwamba kila fanani huisimulia upya mbele ya hadhira yake, huongeza hapa na kupunguza pale, na kwamba kurudia si kuiba. Kisha tunatoka darasani, tunamwona mchoraji akimrudia chui wa mwalimu wake, nasi twamwita mwigaji. Kama sungura anaweza kusimuliwa mara elfu, kwa nini chui asichorwe mara elfu? Nakubali kwamba kuna kurudia kwa fanani na kuna kurudia kwa mashine, na mchoraji aliyeagizwa turubai mia zinazofanana kabla ya Ijumaa hana nafasi ya kuwa fanani. Lakini kosa hilo ni la aliyetoa agizo.

Kwetu Kenya jina hili halikuja kwa barabara ya watalii peke yake. Simon Mpata, mmoja wa wale watano wa mwanzo, aliishia kufanya kazi nchini mwetu, akafariki mwaka 1984. Wajapani waliopenda picha zake waliipa jina la Mpata hoteli iliyo katika nchi ya Maasai Mara, na watalii hulala humo bila kujua kwamba wamelala ndani ya jina la mchoraji. Inaelekea majina ya ukoo huu yana majaliwa ya namna hiyo. Kisha, mwaka 2010, zikatokea zile katuni ambazo mwanafunzi wangu alizitazama, Tinga Tinga Tales, zilizotengenezwa Nairobi kwa ajili ya vituo vya Uingereza na Marekani. Vijana wetu wengi walipata kazi na ujuzi kutokana nazo, na hadithi zenyewe zilikuwa za namna ya ngano zetu: kwa nini ndovu ana mkonga, kwa nini nyoka hana miguu. Nilizitazama pamoja na watoto wangu nikafurahi. Lakini nilipowauliza kwa nini zinaitwa hivyo, waliniambia ni sauti ya ngoma.

Hapo ndipo penye tatizo. Sheria ya hakimiliki huilinda picha, haiulindi mtindo. Yeyote anaweza kuchora ndege wa jicho la duara kwa rangi inayong'aa. Hana deni kisheria. Nami nisingetaka iwe vinginevyo, kwa kuwa sheria ingekuwa kali, wale wanafunzi watano wangekuwa wezi wa kwanza. Deni lililopo ni la aina nyingine, na hulipwa kwa kutaja. Mwalimu wa sanaa anayewapa wanafunzi zoezi la kuchora tingatinga anahitaji dakika tano tu kuwaambia kwamba palikuwa na mtu aliyekata mkonge, akauza mboga, akanunua rangi ya baiskeli. Mwandishi wa kitabu cha shule anahitaji mstari mmoja. Mtunga kamusi anahitaji kuandika, baada ya maana ya trekta, maana nyingine yenye nambari yake na tarehe mbili, 1932 na 1972.

Mwezi uliopita nilipita katika duka moja la vinyago hapa Nairobi. Ukutani palikuwa na ubao wa mraba, kanga mmoja juu ya usuli wa manjano, madoa yake yamepangwa moja moja. Niliinama kutazama pembeni, mahali ambapo Edward alikuwa akitia herufi mbili za kwanza za majina yake na kisha jina lake zima. Palikuwa na sahihi ya kijana nisiyemjua, jina la Kimakua kama sikukosea. Nilimwuliza muuzaji mchoraji huyo ni nani. Aliigeuza picha, akatazama nyuma, akaniambia ni tingatinga. Niliinunua, na sasa inaning'inia ofisini mwangu. Chini yake nimebandika karatasi yenye majina mawili, la kijana huyo na la Edward Saidi Tingatinga.